Riwaya Iliyofichwa Nyuma ya Nyuki

Fundi vitasa hakuingia maktaba ya mji kwa sababu ya kupenda kusoma. Aliitwa. Kuna mtu alikuwa amekwama chooni.

Choo cha maktaba ile kilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulikuwa umefungwa kwenye ubao mkubwa kama wa kukatia nyama, ili msomaji asije akautia mfukoni akaondoka nao. Siku hiyo mzee mmoja aliingia nao, akajifungia kwa ndani, na alipotaka kutoka ufunguo ukakatikia kitasani. Mkononi akabaki na ubao. Mkutubi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mvaa ndala laini zisizotoa sauti, na wasomaji walimwita Mama Shii kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Alimpokea fundi mlangoni na kidole mdomoni.

"Kuna mtu ndani," alinong'ona. "Fungua. Lakini usigonge."

Jamani! Fundi gani anafungua kitasa kibovu bila kugonga? Alipiga magoti pale, akachokonoa na koleo jembamba huku jasho linamtoka, kila chuma kikilia "kliki" na Mama Shii anajibu "shii". Mlango ulipofunguka, mzee alikutwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, miguu kaikunja nne, gazeti kalikunjua usoni.

"Ah, umeshafika?" alisema mzee bila kuinua macho. "Rudishia mlango kidogo, namalizia ukurasa wa michezo."

Mama Shii akaona kwa kuwa fundi yupo, basi amletee na kufuli la kabati la ofisini. "Subiri hapo. Usiguse kitu," akamwambia, akaenda.

Sasa mwambie mtu mzima asiguse kitu, uone. Fundi alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa ukumbi, karibu na choo, mbele ya rafu ya vitabu vya ufugaji wa nyuki. Rafu hiyo hakuna aliyeijali. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kwa raha zake. Fundi akavuta kitabu kinene chenye picha ya mzinga, na nyuma yake, kimelazwa ubavu, akaona kitabu kingine kidogo kilichochakaa. Ilikuwa riwaya. Karibu na mwisho palikuwa na kipande cha uzi wa sufu wa rangi ya zambarau, alama ya mtu aliyesoma mpaka hapo.

Akafungua mwanzo. Tajiri mwenye kiwanda cha sabuni ametoweka asubuhi ya siku anayotakiwa kuoa mke wa pili. Alilala chumbani kwake peke yake. Mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo uko palepale kwenye tundu lake, madirisha yana nondo, na tajiri hayumo.

"Haiwezekani!" fundi alisema kwa sauti.

"Shii!" likatoka jibu ofisini.

Lakini kweli haiwezekani! Mtu aliyekula chumvi ya vitasa maisha yake yote unamwambia mlango umefungwa kwa ndani na ndani hamna mtu? Fundi alihisi kama ametukanwa yeye binafsi. Alisoma amesimama mpaka kufuli likaletwa, akalitengeneza haraka haraka, akarudi kusoma tena. Kitabu chenyewe kilikuwa na kibandiko chekundu: kisomewe humu humu, hakitoki. Akifikiria kukirudisha kwenye rafu ya riwaya, aliwaona wanafunzi, wastaafu na wazururaji wote wa mji wakikinyakua. Hapana. Akafanya kama alivyofanya aliyemtangulia: akakilaza nyuma ya nyuki. Ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na tangazo la Mama Shii kwa herufi kubwa: ATAKAYEFICHA KITABU HATAINGIA TENA. Fundi akajifanya hajui kusoma.

Alichelewa kufika nyumbani siku hiyo, na nyumbani kwake kuchelewa si jambo la mchezo, maana palikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe aliishi nao. Zamani alikuwa akitoka kila siku na mkoba wake wa sufu kwenda kwenye kikundi chake cha kufuma, na nyumba ikapumua. Kisha akateleza kwenye ngazi za huko huko kwenye kikundi, akavunjika mguu, akafungwa plasta, na tangu hapo alikaa sebuleni mguu ukiwa juu ya kigoda na macho yakiwa juu ya fundi. Hakuwahi kumpenda. Tangu siku ya posa alisema wazi: "Mtu anayejua kufungua milango ya watu bila ufunguo, huyo ni mwizi aliyekosa ujasiri tu." Hakumwita kwa jina, wala kwa kazi, wala baba fulani. Alimwita "huyu bwana". Huyu bwana amekuja. Huyu bwana amemaliza sukari. Fundi alicheka mbele za watu, lakini ukweli ni kwamba neno lile lilimuuma. Mama yake mwenyewe alimfia angali mdogo, na alipooa alitegemea kwamba atapata mwingine. Akapata huyu.

"Huyu bwana alikuwa wapi?" mama mkwe aliuliza siku hiyo, akimwuliza binti yake kana kwamba fundi ni fenicha.

"Nilikuwa kazini, Mama," fundi alijibu. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya tajiri, mdomo ukamponyoka: "Kuna tajiri mmoja wa sabuni ametoweka. Mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo uko ndani, yeye hayupo!"

Mama mkwe aliacha kufuma. Akageuka mzima mzima, na plasta yake.

"Wapi huko?"

Hapo ndipo fundi angesema "kwenye kitabu" mambo yakaisha. Lakini kila mtu pale nyumbani alijua mama mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na riwaya. Binti yake alipokuwa msichana alizikusanya zake zote kutoka chini ya godoro akazigawa kwa muuza karanga afungie karanga, akitangaza mtaa mzima kwamba riwaya ni uongo uliopigwa chapa na zinaharibu watoto wa watu.

"Kwa mteja wangu," akasema. "Niliitwa kufungua mlango."

"Kaa," alisema mama mkwe. Akasogeza mguu wake kidogo ili apate nafasi. "Kaa hapa. Anza mwanzo."

Basi we acha tu! Kuanzia siku hiyo fundi akawa na kazi mbili. Mchana, watu wakienda kula, yeye anafunga kibanda chake, anamwachia mlinzi wa maktaba mkoba wa vyuma, anapita kwa wanafunzi waliolalia vitabu vyao, anampungia mkono mzee wa gazeti, anatoa riwaya nyuma ya nyuki na kusoma kwa midomo inayochezacheza. Jioni, wakishakula, anasimulia. Dereva wa tajiri ameonekana amevaa saa ya tajiri! Mke mkubwa hajatoa hata chozi! Shemeji yake tajiri ananuka rangi mbichi, na hakuna aliyepaka rangi nyumba nzima! Mama mkwe anasikiliza huku sindano zake zimesimama. Fundi akifika penye utamu, mama mkwe anamkatiza: "Endelea, endelea, hapo nimeshaelewa."

Na wiki haikuisha kabla jambo kubwa halijatokea. Mke wake alikuwa anapakua, mama mkwe akanyoosha kijiko akasema: "Hicho kipande kikubwa mpe mwanangu."

Fundi aligeuka nyuma kuangalia nani ameingia. Hakuna aliyeingia. Mwanangu alikuwa yeye. Alikula kile kipande akitafuna polepole na macho yanamlengalenga, akasingizia pilipili.

Mke wake, ambaye si mtu wa kudanganywa kirahisi, alimfuata jikoni. "Huyo tajiri wako ni wa kwenye kitabu."

"Nani kakwambia?"

"Ungekuwa umeingia kwa mwenye kiwanda cha sabuni, wewe ninavyokujua, ungerudi na hata kipande kimoja. Sasa ngoja Mama agundue. Utarudi kuwa huyu bwana mpaka siku ya kiyama."

Maneno hayo yakamkaa fundi rohoni. Akajiambia atamaliza kitabu salama, tajiri atapatikana, kesi itafungwa, na mama mkwe hatajua kitu. Zilikuwa zimebaki kurasa chache. Alikuwa amefika penye ule uzi wa zambarau kabisa, pale ambapo mpishi anasema, "Mimi najua mlango ulifungwaje," na sura inaishia hapo.

Siku iliyofuata akatia mkono nyuma ya nyuki. Akapapasa. Akatoa mzinga, akatoa asali, akatoa magonjwa ya nyuki, rafu ikabaki tupu. Riwaya haikuwepo.

Moyo ulimdunda mpaka akahisi Mama Shii atausikia. Kwenda kuuliza hawezi: ataulizwa amejuaje kilikuwa huko. Akazunguka rafu zote za riwaya, akainama chini ya meza, akainua mpaka gazeti la mzee. Wapi! Muda wa kula ukaisha. Kwa uchungu akakaa palepale na kitu pekee kilichokuwa mkononi, kitabu cha nyuki, akageuza geuza kurasa bila kuziona vizuri.

Jioni mama mkwe alikuwa ameshajiweka sawa. Plasta ilikuwa imeondolewa, sasa ana fimbo, lakini kiti cha fundi kilikuwa bado kimesogezwa karibu na chake.

"Haya mwanangu. Mpishi kasemaje?"

Fundi akakohoa. "Mpishi... mpishi kasema, Mama, ni nyuki."

"Nyuki?"

"Nyuki. Tajiri alikuwa anawafuga kwenye dari. Kwa siri. Wakateremka usiku, akakimbia."

"Akakimbia vipi na mlango umefungwa?"

"Hapo ndipo penye mambo. Unajua, Mama, malkia wa nyuki akitaka kuhama, kundi zima linamfuata. Na ukiwapulizia moshi wanatulia. Halafu kuna vibuu..." Akaendelea. Akaeleza mzinga wa mbao na mzinga wa magogo, akaeleza namna ya kukamua asali, akaeleza nta. Mke wake alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, uso mkavu kabisa.

"Kesho nipeleke," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Kwa huyo tajiri. Nataka niuone huo mlango kwa macho yangu."

Kulipokucha wakatoka, mama mkwe na fimbo yake na mkoba wake wa sufu, fundi pembeni na roho mkononi. Alikuwa ameamua. Hana tajiri wa kumwonyesha, basi atampeleka maktaba, atamwonyesha rafu, atakiri. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi moyoni: Mama, nisamehe. Mama, shetani alinipitia. Alikuwa anajiandaa kupoteza neno moja dogo tu, mwanangu, na hakujua kama neno dogo linaweza kumwondoka mtu likamwacha mpweke namna hiyo. Kwa mawazo hayo hakuona kwamba kwenye kona ya mwisho mama mkwe ndiye aliyekata kushoto kwanza.

Ngazi za maktaba, mama mkwe alizipanda akishika ukuta upande wa kulia, akiruka bila hata kuitazama ngazi moja iliyomeguka.

"Karibu, Mama!" alisema mlinzi, akipokea mkoba kabla hajapewa. "Umepotea mno! Mguu umepona?"

Fundi akasimama. Hakuelewa. Mama mkwe alikuwa ameshaingia ukumbini, fimbo tok, tok, tok, moja kwa moja mpaka pembeni kabisa karibu na choo. Akatia mkono nyuma ya nyuki. Akapapasa. Akatoa mzinga, akatoa asali. Kisha akamgeukia mkwe wake na macho yanawaka.

"UMEKIWEKA WAPI?"

"Shii!" alisema Mama Shii.

Fundi alitazama rafu, akamtazama mama mkwe. "Mama... kumbe wewe..."

"Nisimamie karibu, usinitie aibu," mama mkwe alinong'ona akimvuta kwa mkono wa shati. "Ndiyo, mimi. Wewe ulidhani kuna kikundi? Umeshaniona hata siku moja nimeleta soksi? Nilikificha mimi, nikasoma mpaka kwa mpishi, nikaweka uzi wangu, nikatoka hapo nje nikateleza. Nimelala kwenu mguu juu, sijui mlango ulifungwaje. Nusura niwe mwehu! Siku uliyotaja kiwanda cha sabuni nilitaka kuruka na plasta yangu."

"Kwa hiyo ulijua? Tangu siku ya kwanza?"

"Nimesikiliza tena kurasa zote nilizokwisha kuzisoma, na unasimulia vibaya, dereva umemsahau sura mbili! Nikavumilia ili ufike penye uzi. Unafika, unaniletea nyuki!" Akaangaza macho huku na huku. "Na binti yangu asijue. Nilimgawia muuza karanga vitabu vyake vyote. Nitauweka wapi uso wangu?"

Fundi angetakiwa kucheka. Hakucheka.

"Basi na lile neno, Mama. Mwanangu. Nalo lilikuwa la kitabu?"

Mama mkwe alitazama nyuki wa kwenye jalada. "Mwanzo, ndiyo," akasema, maana uongo ulikuwa umemshinda kwa siku hiyo.

Kabla hajaongeza la pili, ndala laini zilikuwa zimewafikia. Mama Shii alisimama mbele yao, mkononi ana riwaya ileile, ina gundi mbichi mgongoni na uzi wa zambarau unaning'inia.

"Nilikikuta nikifuta vumbi," alinong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. "Nimekishona. Sasa nataka kumjua aliyekificha nyuma ya nyuki. Tangazo liko hapo."

Hata mzee wa gazeti alishusha gazeti. Fundi alimtazama mama mkwe: mikono yake imeshika fimbo, macho yake hayako kwa Mama Shii, yako kwenye kitabu, kama mtoto anayetazama embe lililo mkononi mwa mwenzake. Fundi akapiga hatua mbele.

"Ni mimi," akasema.

"Ni kweli," alisema mama mkwe papo hapo. "Ni yeye. Nimemwona mimi."

Fundi alimgeukia kinywa wazi. Mama Shii hakungoja. Akamwonyesha mlango kwa kidole. Asionekane humo mpaka mwezi mwingine uandame, akasema, na ashukuru kwamba kile kitasa cha choo kinafunga vizuri, la sivyo ingekuwa milele. Kisha akamkabidhi kitabu bibi mwenye fimbo, kwa heshima, na kumvutia kiti.

Fundi akaenda kukaa kwenye ngazi, pembeni ya mlinzi. Kupitia dirishani alimwona mama mkwe akivaa miwani. Alimwona akiuondoa uzi, akilamba kidole, akifungua. Akasoma. Akashika shavu. Akafunua ukurasa, akapiga paja lake, "shii!" ikasikika mpaka nje. Akafunua mwingine, akafunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakacheza. Fundi alisimama akaganda kwenye kioo.

"Toka kwenye kioo," alisema mlinzi. "Umefungiwa."

"Niambie tu anatabasamu au analia!"

"Vyote."

Mama mkwe alitoka jua limeshapanda. Alishuka ngazi taratibu, ile iliyomeguka akairuka, mkoba wa sufu kwapani, uso umemnawiri kama wa mtu aliyetoka kuoga. Fundi alimkimbilia.

"Ehe, Mama? Mlango ulifungwaje? Ni dereva? Ni shemeji, kwa ile rangi? Ufunguo ulikuwaje kwenye tundu? Niambie hilo tu, hilo la ufunguo tu!"

Mama mkwe alimtazama. Mwisho wa kitabu alikuwa nao mwenyewe sasa, wote, kichwani. Hakuwa tena na haja na mtu yeyote duniani, wala fundi wala msimulizi. Akampa mkoba abebe, akapitisha mkono wake kwenye mkono wa mkwewe, akaegemea.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema.

Walitembea. Fundi alifuta macho mpaka wakaipita kona, na mara hii hapakuwa na pilipili ya kusingizia.

"Mama," akasema mwishowe, "na ule mlango?"

"Jioni. Tukishakula. Unakaa chini, unatulia, nakusimulia vizuri, siyo kama wewe." Akapiga hatua chache na fimbo yake, akasimama kama anayekumbuka. "Kwanza nikumbushe, tulifika wapi? Kwenye nyuki, si ndiyo?"

"Mama, tafadhali..."

"Basi nitaanzia kwa malkia," alisema mama mkwe.